Hiyo si theluji, mabeshte

Kila mwaka lazima irudi. Mvua inapiga huko juu, Nyahururu au Nyandarua, mtu anatoa simu, anarekodi shamba jeupe pe pe pe, na kabla watu hawajala cha mchana klipu ishafika Ukunda na maandishi makubwa: THELUJI YAANGUKA KENYA. Na nyinyi, watoto wa Diani na Msambweni ambao barafu mnayoijua ni ile ya kutia kwenye juisi ya ukwaju, mnaisambaza bila kuuliza. "Dunia inaisha." "Tutafute makoti." Kuna mmoja aliandika ati Kenya sasa ni Ulaya. Mvua ya mawe, kaka. Mvua ya mawe tu.

Tuelewane kwanza, kwa sababu nikiingia kwenye maoni kusahihisha naambiwa nina wivu. Mvua ya mawe hutengenezwa ndani ya wingu la radi. Tone linarushwa juu na upepo wa ndani ya wingu, linaganda, linashuka, linarushwa tena, linavaa koti jingine la barafu, mpaka linakuwa zito na kuanguka kama gololi. Theluji ni fuwele ndogo ndogo zinazojijenga kwa mvuke kwenye baridi kali na kushuka polepole kama pamba ya msufi. Hapa kwetu karibu na ikweta, hewa ya kugandisha iko juu sana, kama mita 4,500 au zaidi. Nyahururu iko kwenye mita 2,300 hivi. Theluji ikitoka juu kwenda Nyahururu inakuwa mvua zamani kabla ya kugusa nyasi.

Septemba 2008 ilitokea kubwa karibu na Nyahururu. Watu walijaa kuangalia, wakaishika, wengine wakaionja. Idara ya Hali ya Hewa ikaeleza wazi kwamba ni mawe ya barafu yaliyoanguka kwa wingi yakashikana yakawa kama blanketi. Hiyo ni 2008. Mpaka leo ukitaja kisa kile kuna mtu atakwambia "ile siku ya theluji". Maelezo yalitoka, picha ikashinda.

Najua mtakachosema. Wewe si uliacha chuo? Ndio, niliacha mwaka wa pili, karo ilikatika na sikuona haja ya kuficha. Sina digrii ya hali ya hewa wala ya kitu kingine. Kazi yangu ni hii hii ya kurekodi, kukata na kuposti, ufuo wa Diani ukiwa nyuma yangu. Kwa hiyo nawajua watengeneza kontenti wenzangu vizuri, na ndio maana nasema: tatizo si kwamba hamjui tofauti ya theluji na mawe. Tatizo ni kwamba mnaamini kitu kikishaonekana kwenye simu kimeshapimwa.

Klipu si kipimo. Na hasara ya kuchanganya hivyo viwili inatuangukia sisi wa Kwale kabla ya wa Nyahururu. Nitafika huko. Lakini acha nianze na theluji yenyewe, kwa sababu kesi ya kwanza kubwa ya theluji ya Afrika Mashariki ilianzia hapa hapa pwani.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai, alifika mahali akaona kilele cha Kilimanjaro kina weupe. Alitoka Rabai kwa miguu na kiongozi wa msafara aitwaye Bwana Kheri, na inasemwa silaha yake kubwa ilikuwa mwavuli. Alimuuliza kiongozi wake ule weupe ni nini. Jibu alilopata lilikuwa neno moja la Kiswahili: baridi. Hakuwa na neno la theluji, na kwa nini awe nalo? Rebmann aliandika, habari ikachapishwa Uingereza mwaka uliofuata.

Huko London kulikuwa na bwana mmoja, William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani za Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Cooley akakataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Akaandika kitabu 1852 akishikilia yake. Desemba 1849 Ludwig Krapf, mwenzake Rebmann, akaona Mlima Kenya kutoka upande wa Kitui, nao una weupe. Bado. Mwaka 1862 Baron von der Decken akapanda Kilimanjaro mpaka zaidi ya mita 4,000, akaangukiwa na theluji yenyewe usiku. Cooley akakejeli hata hiyo: theluji Desemba, na jua liko utosini? Yule mzee angekuwa hai leo angekuwa na wafuasi milioni.

Lakini sitaki tumcheke Cooley halafu tuishie hapo, maana hadithi hii shuleni huwa inafundishwa kama Mzungu mjinga dhidi ya Mzungu mwerevu. Mnajua Rebmann aliambiwa nini kingine? Kwamba wenyeji walishawahi kupanda kuchukua kile kitu cheupe wakidhani ni fedha, wakakishusha, na kilipofika chini kikawa maji. Soma hiyo tena polepole. Watu walichukua sampuli, wakaishusha, wakaangalia imekuwa nini. Hicho ndicho kipimo cha theluji. Mpaka leo hii, kituo cha kisasa kikitaka kujua theluji iliyoanguka ni sawa na mvua kiasi gani, kinaiyeyusha na kupima maji. Wenyeji wa chini ya mlima walifanya jaribio hilo kabla Rebmann hajazaliwa, labda, au alipokuwa mtoto. Walichokosa ni tarehe, kiasi na daftari. Kwa hiyo jina lililobaki vitabuni ni la mwenye kalamu.

Hilo linaniuma, na nataka liwaume.

Sasa, msidhani wenye daftari wana amani. Kupima theluji ni kazi ngumu kuliko kupima mvua, na hata Marekani ambako wana vyombo na pesa wanagombana. Mvua inaingia kwenye chombo inakaa. Theluji inapeperushwa na upepo inapita juu ya chombo. Ikitua, inajikandamiza kwa uzito wake, kwa hiyo ukipima kila saa na kufuta ubao wako, jumla yako itakuwa kubwa kuliko ya aliyesubiri siku nzima akapima mara moja. Theluji ni ile ile, namba ni mbili. Ndio maana kuna sheria: unapima kwenye ubao mweupe, na ubao husafishwa si zaidi ya mara moja kila saa 6, yaani mara 4 kwa siku.

Januari 1997, kijiji cha Montague jimbo la New York kiliripoti inchi 77 ndani ya saa 24. Karibu mita 2. Mimi nikisimama humo mnaona kofia tu. Rekodi ya taifa ingevunjwa. Kamati ikakaa, ikagundua vipimo vilichukuliwa mara 6 badala ya 4, ikaikataa. Theluji ilianguka, hakuna aliyebisha, lakini rekodi hawakupewa. Rekodi ikabaki kwa Silver Lake, Colorado, ya Aprili 1921, karibu inchi 76. Na hapa panachekesha kidogo: ile ya 1921 yenyewe ilikuwa inchi 87 zilizopimwa kwa saa 27 na nusu, halafu wataalamu wakapiga hesabu miaka mingi baadaye kupunguza iwe ya saa 24. Ya zamani ilisaidiwa na kikokotoo, ya juzi ikanyimwa kwa sababu ya utaratibu. Unaweza kusema ni uonevu. Mimi nasema angalau walikaa chini wakabishana kuhusu njia ya kupima, si kuhusu nani ana wafuasi wengi.

Na Januari 2016 dhoruba ilipopiga Washington, uwanja wa ndege wa Reagan ulitoa inchi 17.8 huku Dulles, si mbali, wakitoa 29 na ushee. Watu wakauliza kulikoni. Ikajulikana kwamba ubao wa kupimia pale Reagan ulifunikwa na theluji, wapimaji hawakuupata tena. Kipimo kilizikwa na kinachopimwa. Nchi inayopeleka roketi.

Rudini Kilimanjaro, maana hapo ndipo mabeshte zangu wawili walinitoa mishipa ya shingo mwaka jana. Mmoja ana posti: "Theluji ya Kilimanjaro imeisha." Picha imepigwa msimu wa kiangazi. Mwingine anamjibu: "Uongo, angalia imejaa, mabadiliko ya hali ya hewa ni biashara ya Wazungu." Picha imepigwa siku mbili baada ya mvua kubwa. Laiki zimegawana nusu kwa nusu, na wote wawili hawajui wanaongea vitu viwili tofauti. Theluji ni ya juzi, inakuja na kuondoka. Barafu ya kudumu ni ile iliyokaa miaka mamia na mamia. Kilele kinaweza kuwa cheupe chote leo asubuhi na barafu yake bado inaisha.

Barafu hiyo imepimwa. Ramani ya 1912 ilionyesha zaidi ya kilomita 11 za mraba. Kufikia 2011 zilikuwa chini ya 2. Tangu Februari 2000 kuna kituo cha hali ya hewa kimesimamishwa juu kabisa kwenye barafu ya kaskazini, kazi ya Doug Hardy wa Massachusetts na wenzake, kinachopima kina cha theluji kwa kutuma sauti chini na kuhesabu muda wa kurudi. Kutoka huko ndiko tulikojifunza kwamba barafu ya juu kule nyingine haiyeyuki hata kidogo, inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji, na kwamba theluji mpya inailinda kwa kurudisha mwanga wa jua. Kwa hiyo hata swali la "joto ndilo linaiyeyusha au ukame ndio unaoinyima chakula" lina mjadala halisi, wa watu wenye namba.

Na ndio, wanasayansi nao walikosea mahali, tusiwafiche. Mwaka 2002 timu ya Lonnie Thompson, waliotoboa barafu ile mwaka 2000, waliandika kwamba kwa mwendo ule ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu kidogo bado ipo. Wabishi wameikamata hiyo kama mfupa. Lakini angalieni tofauti: kilichokosea ni ubashiri, yaani mstari uliovutwa kwenda mbele. Vipimo vya nyuma, vya 1912 mpaka 2000, vimesimama. Mtu akikwambia nyumba yako itaanguka Ijumaa na ikaanguka nusu Jumapili, huendi kulala ndani Jumatatu.

Sasa Kwale.

Huku kwetu theluji ni kitu cha kwenye picha, lakini mvua ni chakula. Na mvua ya Kwale haina adabu ya kufuata mipaka. Msambweni na Ramisi mwaka wa kawaida hupata zaidi ya milimita 1,000. Panda kwenda Kinango, Samburu, Mackinnon Road, inapungua mpaka unaona vumbi linakusalimia. Inaweza kunyesha Gazi mpaka mitaro ijae na Kona ya Musa watu wanaanika muhogo. Kila mtu anajua hivyo. Bibi yangu wa Msambweni akisema kwa Kidigo mvula inakuja, anachungulia upande mmoja tu wa bahari, wala hafungui simu.

Apu ya simu nayo inakwambia "Diani, mvua 40%". Basi ikinyesha mnasema walidanganya, isiponyesha mnasema walidanganya. Apu hiyo nyingi hazina chombo hata kimoja Diani. Zinachukua hesabu za kompyuta zilizokata dunia vipande vya kilomita nyingi kila upande, na kipande chako kinaweza kuwa nusu bahari. Setelaiti nazo hazina ndoo huko juu. Njia moja kubwa wanayotumia ni kuangalia kilele cha wingu ni baridi kiasi gani: kikiwa baridi sana wingu ni refu, basi wanakadiria mvua. Shida ni kwamba mvua nyingi za pwani hutoka kwenye mawingu mafupi yenye kilele cha joto. Inakulowesha mpaka mfukoni, na juu kule inahesabiwa kidogo au haihesabiwi. Dawa ya hilo inajulikana: unachanganya setelaiti na vipimo vya ardhini. Ardhini kukiwa hakuna vipimo vya kutosha, unachanganya na nini?

Kwa nini nikasirike? Kwa sababu kuna pesa na njaa zimefungwa kwenye namba hizo. Kwale ni mojawapo ya kaunti 23 kame na nusu kame ambazo Mamlaka ya Kukabiliana na Ukame hufuatilia kila mwezi. Kaskazini mwa nchi tangu 2010 kuna bima ya mifugo inayolipa kwa kuangalia kijani kutoka angani, na bima za namna hiyo zimesambaa mpaka kwenye mazao. Mjomba wangu wa Kinango alijiunga na moja, sitaitaja. Mahindi yakafika magotini yakakauka yamesimama. Alipouliza malipo akaambiwa kwa kipimo chao mvua ilitosha eneo lake. Eneo lake lilikuwa kubwa kuliko kata. Akasema hapana, kwangu haikunyesha wiki 5. Wakamuuliza una rekodi? Alichokuwa nacho ni mdomo, na klipu moja ya shamba aliyorekodiwa na binamu yangu, nzuri kweli, na muziki wa huzuni chini yake.

Wakamrudisha nyumbani na klipu yake.

Mnaona sasa? Ni kile kile cha 1848. Mtu wa mahali anajua, mtu wa mbali ana karatasi, na karatasi ndiyo inayoaminiwa. Tofauti ni kwamba Bwana Kheri hakuwa na njia ya kuweka rekodi akasikika. Sisi tunayo mfukoni na tunaitumia kusambaza mawe ya Nyahururu.

Kuna wanaosema hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, na siiachilii serikali hata kidogo. Mwaka 2023 Idara ilitabiri El Niño, Oktoba tukaambiwa na wakubwa kwamba haitakuwa ya kutisha, na Novemba mito ikaja juu ya barabara. Kaunti ina maafisa wa kilimo mpaka mashinani. Nataka kuona namba za mvua za kila kata zikibandikwa ukutani pa ofisi ya chifu kila mwezi, kama wanavyobandika matangazo ya bursari. Si siri ya taifa, ni maji. Lakini nikikaa kusubiri hilo nitazeeka, na nyinyi pia.

Kupima mvua hakuhitaji karo. Chombo rasmi cha aina ya Kiingereza mdomo wake ni inchi 5 tu, umepita sahani ya chai kidogo sana kama umepita. Mkebe wowote ulionyooka, juu na chini upana sawa, unafaa kuanzia. Usiuweke chini ya mwembe, wala kando ya ukuta, wala mahali matone ya makuti yanadondokea. Uwe mbali na mti angalau mara mbili ya urefu wa mti huo. Saa tatu asubuhi kila siku, saa ile ile vituo vyetu vinasoma, unatia rula, unaandika milimita, unamwaga. Milimita 1 ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 30 kwenye paa la mita 40 za mraba ni lita 1,200 ulizoziacha ziende baharini. Isiponyesha unaandika sifuri. Sifuri ndiyo watu huisahau, na mjomba angekuwa na sifuri 35 zimepangana na tarehe zake, yule afisa angetafuta swali jingine.

Kuna aliyenicheka kwenye maoni ati mkebe wa maziwa hauwezi kushindana na setelaiti. Mkebe mmoja, hapana. Mikebe 60 ya shule za msingi kutoka Vanga mpaka Samburu, inasomwa saa moja kila siku, inaandikwa daftari moja, miaka 3 bila kukatika? Nileteeni mtu wa bima nimuulize.

Nimeweka wangu Mwabungo, kwenye uwanja nyuma ya nyumba, umefungwa na waya ili mbuzi wa jirani wasiunywe. Namba zitakuwa zinatoka kila Jumatatu, bila muziki. Wa Lunga Lunga, wa Tiwi, wa Kinango, tumeni zenu na tarehe na jina la kijiji. Na ukinitumia klipu ya shamba jeupe la Nyandarua nitakuuliza swali moja tu: uliokota moja ukaikata katikati ukaona matabaka?